Kiporo cha Kifaransa pale Nyali

Mimi ni mtu wa mahamri na mbaazi. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na kwetu asubuhi isiyonukia iliki haijawa asubuhi. Kwa hiyo lile duka la keki na mikate ya Kifaransa lilipofunguliwa Nyali, nililipita karibu mwaka mzima nikilitazama kupitia kioo tu. Shilingi 250 kwa kimkate kimoja? Pesa hiyo ukimpelekea mama wa karai jirani yetu, nyumba nzima inakula na chenji inarudi.

Kilichoniingiza ndani ni mvua ya Mei. Nikaona aibu kusimama bure, nikaagiza kroasanti, kile kimkate chao cha matabaka ya siagi, tena tupu, isiyo na chochote ndani. Ukiishika ni nyepesi, utadhani umepewa ganda. Ukiivunja, inapasuka na kumwaga vipande vyembamba kama maganda makavu ya kitunguu, na kama umevaa buibui jeusi, basi duka zima litajua umekula nini. Ndani ina matundu kama sega la nyuki, na harufu ya siagi inakupanda puani kabla hujatafuna. Sukari karibu haipo. Nilimaliza nikaokota na vile vipande vya kwenye sahani kwa kidole kilicholowa.

Moja nilimpelekea mama. Aliigeuza, akaibonyeza, akaniambia, "Mwanangu, hamri gani hili tupu ndani? Umeuziwa upepo." Kisha akaichovya kwenye mbaazi za nazi. Nilitaka kumkataza, nikanyamaza. Tangu siku hiyo nikisema naenda Nyali, ananiuliza kama nitampitia lile hamri la upepo.

Sasa sikilizeni jambo la saa, maana wengi wanaolilaumu duka hili huwa wameenda saa mbaya. Mwokaji ni kijana wetu wa hapa hapa, na siku moja duka likiwa halina watu alinieleza. Donge linasukumwa na siagi baridi ndani, linakunjwa mara tatu, kila mara vipande vitatu, hadi siagi inakuwa na matabaka 27. Likiingia kwenye joko, maji yaliyomo kwenye siagi na donge yanageuka mvuke na kuyatenganisha matabaka. Lakini siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na Mombasa hii mwezi wa Machi mchana tunafika hapo na kupita. Siagi ikiyeyuka kabla ya moto, inanywewa na unga, na unachotoa ni skonzi tu. Ndiyo maana anaanza saa tisa usiku, na chumba chake kina baridi ya kuvaa sweta.

Kwa hiyo nendeni kabla ya saa tatu asubuhi. Alasiri unyevu wa bahari unakuwa umeshalilainisha ganda. Nilinunua moja saa kumi jioni, ikaninyong'onyea mkononi kama chapati ya jana. Na bei ni ile ile! Hapo nawalaumu wazi: kitu cha jioni kisiuzwe kwa bei ya asubuhi.

Zile zinazolala, lakini, ndizo zinazonirudisha. Wafaransa wana kroasanti ya lozi, na kwa desturi huitengeneza kwa zile zilizobaki jana. Wanaipasua katikati, wanailowesha shira, wanaipaka rojo la lozi za kusaga, siagi, sukari na mayai, wanaimwagia lozi za vipande juu, kisha inarudi motoni. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe nao wana kiporo! Sisi tunaojua kwamba mbaazi zilizolala ndizo mbaazi, nani atatufundisha? Ukingoni shira inaungua kidogo na kunata kwenye meno, katikati ni laini na nzito, na juu lozi zinalia kwa kila tonge. Bei yake ni shilingi 320, na silalamiki.

Vingine nitavipitia haraka. Ekleri ya chokoleti, kile kikeki kirefu chenye krimu ndani, ni nzuri, ila ilieni pale pale. Niliwahi kuagiza nne kwa bodaboda, na kufika kwangu chokoleti yote ilikuwa imehamia kwenye kifuniko cha boksi. Makaroni, na simaanishi zile za kupikwa na nyama, ni vibiskuti viwili vya lozi na ute wa yai vilivyobandikwa kwa krimu. Vinapendeza kwa macho, kwangu ni sukari nyingi kwa pesa nyingi. Bageti, ule mkate mrefu mwembamba, iko sawa, ila kesho yake ni ngumu kama rungu. Kahawa yao mniwie radhi: anayekunywa kahawa tungu ya dele la shaba hatatishwa na kikombe kile.

Kwa Waislamu wenzangu, ulizeni kabla ya kuagiza. Kuna keki za Kifaransa zinazoloweshwa ramu, na baadhi ya krimu hugandishwa kwa jelatini. Wahudumu hapa hawakasiriki wakiulizwa, wanaingia jikoni na kurudi na jibu, na wametenga sehemu ya vile visivyo na shaka.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kwenye foleni ya daraja, nikafika saa tatu na ushee. Sinia la lozi lilikuwa tupu.

"Shikamoo, mama," binti wa kaunta akanisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo zimeisha?"

"Imebaki moja huku nyuma, lakini ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si wewe, mama."

Nikamwambia aifunge, na aongeze moja tupu. Ile ya upepo.