PostgreSQL kwenye majaribio: nimezima fsync na sijuti

Ofisi yetu iko Tudor, tunatengeneza mfumo wa mawakala wanaotoa mizigo bandarini Kilindini. Kila msimbo ukibadilishwa, majaribio hujiendesha yenyewe, na karibu kila jaribio huandika kwenye hifadhidata, likasoma, likafuta. Kwa mipangilio ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata tunayotumia, kama ilivyokuja, ungeyaanzisha, ukashuka kunywa kahawa tungu na kashata, ukarudi na kuyakuta bado yanakwenda.

Uzito wenyewe uko kwenye diski. Muamala ukikamilika, PostgreSQL huandika kwanza kwenye faili za WAL (daftari la mabadiliko), kisha husubiri diski ithibitishe kuwa maandishi yamefika kweli. Kwa data ya mteja, sawa kabisa. Stima huku hukatika bila hodi. Lakini kontena la kubuni la mteja asiyekuwepo, litakalofutwa sasa hivi, lilindwe ili iweje?

Basi kwenye seva ya majaribio tukazima mipangilio mitatu: fsync (kulazimisha maandishi yafike diskini kweli), synchronous_commit (muamala kusubiri WAL yake ifike diskini) na full_page_writes (kunakili kurasa nzima za data kwenye WAL). Huhitaji hata kuizima seva na kuiwasha, kupakia mipangilio upya kunatosha. Tofauti ilionekana papo hapo, hasa kwenye mashine kuukuu yenye diski ya kuzunguka. Kwenye SSD nafuu ni ndogo zaidi. Tuliongeza pia shared_buffers (RAM ambamo PostgreSQL huweka data inayoitumia) kutoka 128MB za kawaida (hiyo ndiyo hutaka seva iwashwe upya) na sikuona lolote. Data ya majaribio ni kidogo mno.

Sasa tahadhari. Stima ikipotea huku fsync imezimwa, si safu za mwisho tu zinazopotea, hifadhidata nzima yaweza kuharibika. Sisi seva hiyo tunaifuta na kuiunda upya, hakuna anayeumia. Mwenye seva moja tu kwenye laptopu, pamoja na data anayoijali, namshauri azime synchronous_commit peke yake: atapoteza miamala ya mwisho mwisho, lakini kilichobaki kitakuwa kizima, na anaweza kuizima kwa hifadhidata moja tu.

Naipa PostgreSQL nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu fsync haina ruhusa hiyo: ukiizima, umeizima kwa kila hifadhidata iliyo kwenye seva, ndiyo maana tukalazimika kuendesha seva ya pili kwa ajili ya majaribio tu.