Jezi ya mtumba ya Mapei niliyoipata Malindi, baada ya kuivaa miezi minne

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja imekatwa na zipu nitaieleza.

Niliiona kwa mitumba hapa Malindi, imekunjwa chini ya suruali za watoto, kilichonivuta ni vile vijisanduku vya rangi vimetokeza pembeni, nyekundu, kijani, manjano, zambarau, juu ya bluu. Nikavuta. Muuzaji akanambia "chukua mia nne kaka, jezi ya mpira hiyo," nikamwambia hii ya baiskeli, angalia mifuko mitatu huku mgongoni, tukamalizana kwa mia tatu. Kifuani imeandikwa Mapei na Quick-Step, kwa hivyo ni muundo wa kati ya 1999 na 2002, maana kabla ya hapo jina la pili lilikua lingine, kina GB na Bricobi.

Kwa wasioijua, Mapei ni kampuni ya Milano ya gundi ya kubandikia taili. Watu wa mpira mnaijua kwa timu ya Sassuolo ya Italia, uwanja wanaochezea si unaitwa Mapei Stadium? Basi kabla Sassuolo haijapanda Serie A 2013, mwenye kampuni, Giorgio Squinzi, pesa yake ilikua kwenye baiskeli. Timu yake ya baiskeli ilianza 1993 ikafungwa mwisho wa 2002, miaka kumi tu, lakini wallahi kwa mashindano ya siku moja mimi sijaona timu kama hii. Tony Rominger aliwachukulia Giro d'Italia, ile resi ya wiki tatu ya kuzunguka Italia, mwaka 1995, na mabingwa wa dunia walitoka humo mmoja baada ya mwingine, Olano 1995, Museeuw 1996, Camenzind 1998, Freire 2001.

Ila ukitaka kuielewa hii jezi tafuta Paris-Roubaix ya 1996. Hiyo ni resi ya kaskazini mwa Ufaransa, zaidi ya kilomita 250, na kama kilomita 50 kati ya hizo ni barabara za mawe za mashambani, mawe yenyewe yamekaa vibaya, baiskeli inaruka mpaka mikono inatoka malengelenge. Watu watatu wa Mapei wakachomoka mbele wakiwa wamebakisha zaidi ya kilomita 80, Johan Museeuw, Gianluca Bortolami na Andrea Tafi, hakuna aliyewaona tena. Karibu na mwisho Museeuw akapata pancha. Kwenye resi nyingine hapo ndo umekwisha, lakini wenzake walimngoja! Mabosi walishaongea na Squinzi kwa simu nani atangulie, Museeuw akaingia wa kwanza, Bortolami wa pili, Tafi wa tatu, jezi tatu kama hii yangu zimepangana kwenye mstari. Wakarudia kuchukua nafasi zote tatu 1998 na tena 1999, Tafi akiwemo kila mara. Kuna watu wanasema kupanga mshindi si mchezo, mimi naona waliishinda ile barabara kwanza halafu ndo wakagawana.

1998 hiyohiyo Museeuw alianguka humohumo Roubaix, kwenye mawe ya msitu wa Arenberg, goti likavunjika, kidonda kikaoza karibu wamkate mguu. 2000 akarudi akashinda Roubaix ileile na akavuka mstari anainua mguu analionyesha goti. Juzi nimesimama kununua maji karibu na kasino, mzee mmoja Mtaliano akaniona na jezi, hakusema neno, akajipiga goti mara mbili akacheka. Nikajua huyu aliiona.

Mwisho wao uliniuma. Giro ya 2002 mpandaji wao Stefano Garzelli alipatikana na dawa iliyokatazwa akatolewa, mwaka huohuo Squinzi akafunga timu. Quick-Step wakaendelea na timu yao 2003.

Sasa jezi yenyewe. Rangi imeingia ndani ya kitambaa, haikubandikwa juu, kwa hivyo zaidi ya miaka ishirini baadaye nyekundu bado nyekundu. Nimeenda nayo Mambrui na kurudi kila Jumamosi, na msimu huu wa kusi ukirudi ukishavuka daraja la Sabaki upepo unakupiga kifuani mpaka mjini, jezi ya mpira inajaa kama tanga, hii inakaa mwilini kimya. Mifuko inabeba simu, pampu ndogo na ndizi mbili bila kuning'inia. Saizi za Kitaliano ni ndogo jamani, hii ni L lakini mvaaji wa M ndo itamkaa. Saa sita mchana usiivae, kitambaa kizito kwa joto letu, ni ya alfajiri.

Zipu ilikua imeliwa na kutu, wiki ya pili ikaachia nikiwa njiani Gede. Fundi cherehani amenitilia nyingine kwa mia mbili hamsini, jumla mia tano hamsini. Mpira wa chini kiunoni pia umelegea, unapanda ukiinama. Ukiipata yako ivute zipu juu chini mara tatu hapohapo kabla hujatoa pesa, na ufue kwa maji baridi, uianike kivulini.