Klabu ya kuhutubia ambako kila mtu ana kazi

Anayetaka kujifunza kuhutubia jijini Nairobi hukutana kwanza na matangazo ya kozi fupi za hotelini, ambako mkufunzi huzungumza na washiriki huandika. Klabu ninayoipitia hapa hukutana jioni katika ukumbi mdogo wa Upper Hill na hufuata utaratibu wa Toastmasters, shirika la kimataifa la klabu za kuhutubia. Haina mkufunzi hata mmoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wake ulipo. Ralph Smedley alipoanzisha klabu inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya Toastmasters mwaka 1924, katika jengo la YMCA huko Santa Ana, California, aliwapanga wanachama wazungumze kwa zamu na kutathminiana wao kwa wao, na mpango huo bado ndio uti wa mgongo wa kila mkutano.

Kazi hugawanywa mapema. Yuko mwongozaji, yuko mshika saa, yuko anayesikiliza ufasaha wa lugha, na yuko anayehesabu kila "aa", "yaani" na "unajua" inayomponyoka msemaji. Hotuba ya kwanza ya mwanachama humhusu yeye mwenyewe na huchukua dakika 4 hadi 6: kadi ya kijani huinuliwa dakika ya 4, ya manjano ya 5, na nyekundu ya 6. Nilimtazama dada mmoja akisimulia jinsi mama yake alivyowasomesha kwa kuuza mitumba Gikomba. Kadi ya manjano ilipoinuka aliukatiza mfano aliokuwa ameuanza, akavuta pumzi, akaingia moja kwa moja kwenye hitimisho. Uamuzi wa namna hiyo haufundishiki kwa maelezo, kwa sababu hufanywa huku watu wakikutazama.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni tathmini. Mwanachama aliyepewa kazi hiyo hupata dakika 2 hadi 3 kueleza kilichofaulu na kinachohitaji kurekebishwa, naye hutakiwa kutaja jambo mahususi. Dada yule aliambiwa kwamba alipofika kwenye bei za mitumba sauti yake ilipata uhai, lakini waliokaa upande wa dirisha hakuwatazama hata mara moja. Hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi wiki hiyohiyo. Kwa bahati mbaya, si watathmini wote walio makini kiasi hicho; wengine humwaga sifa tupu kwa kuogopa kumuudhi mwenzao, na mhutubu huondoka bila cha kurekebisha.

Kisha huja maswali ya papo kwa papo, ambapo mtu huitwa bila maandalizi na kujibu kwa dakika 1 hadi 2. Bwana mmoja aliulizwa angebadilisha nini kama angekabidhiwa steji ya matatu kwa siku moja. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ningeanza na choo," na kutoka hapo hoja zikafuatana zenyewe.

Mkutano huanza kwa kuchelewa kila mvua inaponyesha, na hilo jijini Nairobi linaeleweka. Linalonisikitisha ni kwamba karibu hotuba zote hutolewa kwa Kiingereza, ilhali wengi wetu tutaitwa kuzungumza kwa Kiswahili kwenye chama, harambee na mazishi. Uongozi wa klabu ungetenga walau mkutano mmoja kwa mwezi kwa ajili ya Kiswahili.

Mgeni hatozwi chochote. Mwanachama hulipa ada kila baada ya miezi 6, na kwa kuwa ada ya kimataifa hupangwa kwa dola, ni vyema kuuliza kiasi chake kwa shilingi kabla ya kujiandikisha. Atakayejiunga namshauri aombe kushika saa katika mikutano yake ya mwanzo: kazi hiyo humpa nafasi ya kusimama na kueleza wajibu wake kwa sentensi chache, na pia humlazimu kuisikiliza kila hotuba hadi mwisho akiwa na saa mkononi.