Uzoefu Wangu na Atlasi ya Mystara Iliyochorwa na Shabiki

Kwa anayesimamia mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, katika ulimwengu wa kubuniwa wa Mystara, ramani huamua mambo mengi kuliko dadu. Kanuni za mwaka 1981 humruhusu msafiri asiyelemewa na mzigo kutembea maili 24 kwa siku katika tambarare, theluthi mbili ya hizo msituni au jangwani, na nusu ya hizo 24 milimani; ukikosea kuhesabu pembesita chache tu, yaani vyumba vya pande sita vinavyoigawa ramani, wahusika hufika mjini kabla ya adui badala ya kumkuta ameshaingia. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikitumia Atlasi ya Mystara, kazi ya shabiki inayopatikana bure mtandaoni.

Tatizo ambalo atlasi hii inalitatua ni la zamani. Ramani ya kwanza ya nchi za Mystara, iliyotolewa mwaka 1981 na TSR, kampuni iliyochapisha mchezo huo, ilikuwa na pembesita zenye upana wa maili 24. Kuanzia 1987 hadi 1991 vikafuata vijitabu 14 vya Gazetteer, mfululizo rasmi unaoeleza nchi za Mystara, vyenye ramani za pembesita za maili 8, vilivyoandikwa na watu mbalimbali, na ukiziweka ramani mbili za nchi jirani kando kwa kando, mito na milima haioani kila mara. Mchoraji wa atlasi hunakili kwanza ramani rasmi kama ilivyochapwa, kasoro zikiwemo, na baada ya hapo ndipo huchora toleo jingine lililosahihishwa na kuunganishwa na majirani, pamoja na maelezo ya vyanzo alivyotegemea. Naona thamani yote ya kazi hii imo katika utaratibu huo, kwani ramani nyingi za mashabiki huchanganya kilichochapwa na kilichobuniwa mpaka msomaji asijue ashike lipi. Hapa naweza kuukataa usahihisho nisioupenda na kurudi kwenye nakala ya awali.

Niliipima kwa safari ya kutoka mji wa Specularum hadi mji wa Selenica, ambayo huanzia katika kijitabu cha nchi ya Karameikos cha 1987, huvuka milima, na kuishia katika kile cha nchi jirani ya Darokin cha 1989. Zamani nilikuwa nikikisia umbali penye maungio ya karatasi hizo mbili. Sasa nauhesabu kwa mfululizo mmoja.

Wachezaji wangu, hata hivyo, hupenda zaidi Ylaruam, jangwa lililobuniwa kwa kuiga Arabuni, ambako vyeo vya amiri na shehe havihitaji kufafanuliwa mezani kwetu. Huko mwendo wa siku ni pembesita mbili tu, na swali la kila jioni ni kama maji yatatosha hadi chemchemi inayofuata. Kipande hicho nilikichapisha kwa nyeusi na nyeupe ili kupunguza gharama, na bado kilisomeka vizuri, kwa kuwa kila aina ya ardhi ina alama yake mbali na rangi.

Mapungufu yapo, ingawa mengi yanatokana na mtindo wenyewe wa pembesita, ambao hauonyeshi mwinuko wa ardhi ndani ya eneo la maili 8 wala mahali hasa kijiji kilipo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na kioo cha simu ni kidogo mno kwa ramani pana kama hizi. Anayeanza ningemshauri afungue kwanza nakala ya nchi moja ambayo kijitabu chake anacho, ailinganishe na toleo lililosahihishwa, kisha aamue ni lipi atakalolitumia mezani.