Alizeti ya kukamua, dumu la lita 5: inamfaa mwenye lehemu (kolesteroli) ya juu, ila chipsi hapana

Asubuhi ya Juni hapa Mbeya inatosha kuwa maabara. Mawese yameganda kwenye dumu, alizeti bado inatiririka. Kinachoganda ndicho kinacholifanya ini lizembee kuondoa lehemu mbaya kwenye damu, na karibu nusu ya mawese ni hicho. Kwenye alizeti ni kama asilimia 11 tu. Kwa sababu hiyo alizeti ya mashine za mtaani, hii ya madumu ya soko la Mwanjelwa, tunaipa nyota 4 kati ya 5.

Maandishi ya "haina lehemu" kwenye lebo yasikuongezee bei. Mafuta ya mmea hayana lehemu ya kuhesabika, hata hayo mawese.

Nyota iliyokosekana ni ya uaminifu wa dumu. Wapo wanaochanganya na mawese yaliyosafishwa. Weka nusu glasi kwenye friji usiku kucha: ukungu mwepesi ni nta ya maganda ya alizeti, usigombane na muuzaji, tabaka zito lililoganda ndilo la kutilia shaka. Chupa zinazoanikwa juani barabarani ziache hapo hapo, kwani mwanga na joto huyachachisha mafuta yakanuka kama karanga zilizokaa. Nyumbani yaache yatulie siku 2, umimine ya juu kwenye chombo kingine. Tope la chini huungua upesi na kutia uchungu.

Kwa kuunga maharage au figiri, safi kabisa. Kwa chipsi hayafai: hayajasafishwa, hivyo hutoa moshi mapema, na kuyarudia rudia kwenye karai huyaharibu zaidi.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi, maana mkono ukishika dumu hauna breki. Tumia kijiko. Lita 1 kwa watu 5 idumu wiki 2, yaani mililita 14 kwa mtu kwa siku, kijiko kimoja cha chakula. Kijiko hicho kina kilokalori 120 hivi, kwa hiyo kuongeza alizeti juu ya mawese ni kunenepa tu. Lazima moja itoke ndipo nyingine iingie.

Rudia kipimo cha damu baada ya miezi 2 hadi 3. LDL, yaani hiyo lehemu mbaya, ikiwa 4.9 mmol/L au zaidi, kubadili mafuta peke yake hakutoshi, na anayemeza atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu, asiiache kwa sababu kanunua dumu.

Na mafuta ya parachichi ya chupa? Mazuri, ila kwa bei yake, nusu ya parachichi la Rungwe mezani inakupa mafuta yale yale pamoja na nyuzinyuzi.