Ziara ya kituo cha mazingira: mwongozaji wa kituo au mwalimu mwenyewe?

Kwa gharama, mwalimu anayewaongoza wanafunzi wake mwenyewe hushinda, kwa kuwa shule kwa kawaida hubaki na kiingilio na usafiri tu. Kwa maarifa, mwongozaji mzoefu wa kituo hana mpinzani: hugeuza gogo lililooza, akawaonyesha watoto jongoo na nyuzi nyeupe za kuvu, kisha akalirudisha lilivyokuwa ili viumbe hao wasikaukiwe na unyevu. Hata hivyo, ratiba yake haingoji basi lililochelewa, ilhali mwalimu huweza kupanga upya papo hapo. Tena ndiye anayemjua mtoto mwenye pumu. Darasa kubwa linaloanza mada ya ikolojia litafaidika zaidi na mwongozaji. Darasa dogo, ambalo mwalimu wake amekwisha kuikagua njia, laweza kwenda bila mwongozaji.