Jackie Chan: muvi za Hong Kong au za Hollywood?

Huu ubishi hauishi kila akitajwa huyu steringi wangu wa miaka yote. Kwenye mapigano Hong Kong hawana mpinzani aisee, Project A ya 1983 jamaa ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, anaachia, anapasua maturubai mawili halafu chini puu, na Police Story ya 1985 anateleza kwenye nguzo yenye mataa yanapasuka kama fataki, zote kaongoza mwenyewe kwa hiyo kamera inatulia unaona kabisa teke linapotua. Hollywood wanakatakata picha mno.

Ila kwa kucheka, Rush Hour ya 1998 siibishii, mwenzake Chris Tucker anaropoka weee Jackie kabaki anamkodolea macho tu. Stori imenyooka, husomi maandishi, maana zile za zamani za Hong Kong ni Kikantoni (Kichina cha kwao) na zilizowekewa sauti za Kiingereza zinakata stimu (bora usome). Vipande vya walivyokosea wakati wa kurekodi vipo mwishoni kote, usizime mapema.

Unaangalia na wasiopenda ngumi? Weka Rush Hour. Uko peke yako na unataka kuona mtu anachezea roho yake, nenda Hong Kong, anza na ile ya mnara.